Re: Wanafungua hadithi zangu lakini hawamalizi

Habari ndugu. Umesema watu wanafungua hadithi zako mtandaoni kisha wanaishia njiani, na unauliza kama uongeze matangazo. Bado. Wageni wanafika, kinachowakimbiza kimo ndani. Anza na aya ya kwanza: isome kwa sauti, na pale ulimi unapokwama, kata. Mimi kila hadithi niliifungua kwa jua kuchomoza na ndege kulia (aibu tupu!), hadi rafiki akaniambia kisa chenyewe kinaanzia aya ya nne. Nikazifuta tatu za juu, wala hakuna aliyeziulizia. Ukishasafisha, unapowapelekea watu hadithi usibandike kiungo (linki) kitupu. Tanguliza sentensi mbili za hadithi, zikatikie patamu, ndipo kiungo kifuate. Na mwisho wa kila hadithi weka kiungo cha inayofuata.