Asilimia 29 ya nani?

Mwalimu mwenzangu, unasema wanafunzi wako wanakokotoa asilimia za jedwali la pande mbili (linalopanga watu kwa sifa mbili kwa pamoja, moja kwenye mlalo na nyingine kwenye wima) bila kukosea, ila ukiwauliza zina maana gani wanabaki kutazamana. Pole, nami nimepita humo humo. Kwa miaka kadhaa niliwafundisha kanuni tatu: gawa kwa jumla ya mlalo, gawa kwa jumla ya wima, gawa kwa jumla kuu. Walizikariri zote tatu na hakuna kilichobadilika.

Siku hizi naanza na meli ya Titanic iliyozama 1912. Hesabu inayotumika sana kufundishia takwimu ina watu 2,201. Naandika ubaoni walionusurika tu: daraja la kwanza 203, la pili 118, la tatu 178, wafanyakazi wa meli 212. Nauliza, kundi gani lilikuwa na bahati zaidi? "Wafanyakazi!" Nanyamaza, kisha naongeza safu ya idadi ya waliokuwemo: 325, 285, 706, 885. Hapo kelele zinakatika na vikokotoo vinatolewa. 203 kwa 325 ni kama asilimia 62. Wafanyakazi ni 24 tu, chini hata ya daraja la tatu lenye 25.

Kazi yenyewe inaanza hapo. 203 ile ile ukiigawa kwa walionusurika wote, 711, unapata asilimia 29. Binti mmoja aliniandikia: "Asilimia 29 ya abiria wa daraja la kwanza walinusurika." Hesabu sahihi, sentensi uongo. Sikumsahihisha. Nilifunika jedwali lake kwa karatasi, nikaacha wazi safu ya walionusurika peke yake.

"Unawaona akina nani?"

"Walionusurika."

"Basi asilimia 29 ya nani?"

Akacheka, akafuta.

Tangu hapo sipokei jibu lisiloanza na "Kati ya...". Asilimia tupu naipa sifuri, na wananung'unika kweli kweli. Ile ya jumla kuu (203 kwa 2,201, kama asilimia 9) naigusa tu, haiwasumbui.

Wakishazoea, waambie walinganishe kila kundi na meli nzima, ambako walionusurika ni 711 kati ya 2,201, kama asilimia 32. Kama makundi yote yangekuwa karibu na 32, daraja lisingekuwa na uhusiano na kunusurika. Suala la wanaume na wanawake liache kipindi kinachofuata. Mimi niliwahi kuyachanganya siku moja, nikajuta.