"Mdogo wangu, una wembe?"

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikuta kwenye cherehani, nguo ya mteja ikiwa chini ya sindano, nikaacha kushona. Mmeuliza: "Je, mwanamke anayenyoa ndevu kwa siri amwambie mumewe?" Jibu langu lilikuja mbio. Amwambie, tena mapema, kabla hata ya barua ya posa. Nimeona siri ya kidevuni ilivyomla dada yangu na sitaki imle mtoto wa mtu mwingine.

Naomba msichapishe jina langu. Habari za dada nazieleza kwa ruhusa yake, na shemeji alifariki 2019, kwa hiyo hakuna ndoa nitakayoivunja.

Huku kwetu Moshi nywele za mwili wa mwanamke hazihukumiwi kwa mizani moja. Msichana akikatiza stendi na vinyweleo vyake miguuni, vijana wanamsifia kwamba ana malaika. Nywele hizohizo zikipanda kidevuni zinaitwa ndevu, na mwenye nazo anaanza kujitanda kanga mpaka mdomoni hata jua likiwa kali. Anayetaka kumfariji atamwambia mwanamke mwenye ndevu ana nyota ya pesa. Majirani zangu Waislamu angalau wana utaratibu. Nywele za kwapa na za sehemu za siri zisipitishe siku 40, na binti anafundishwa mapema na shangazi au somo yake, kwa wembe au kwa sukari iliyochemshwa na limao. Mimi wa mlimani sikufundishwa kitu na mama isipokuwa onyo moja, kwamba nywele ya usoni ukiigusa kwa wembe itarudi nene kama ya mwanaume. Dada naye alipewa onyo hilohilo.

Ilikuwa Aprili 2011, masika imekolea. Dada alikuwa anateremka kihambani kwao Uru na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akateleza kwenye ukingo wa mfereji. Alitanguliza mikono, vifundo vyote viwili vikavunjika. Nilipofika hospitali, ambayo sitaitaja, alikuwa ameshafungwa mhogo, ile plasta ngumu ya mifupa, mikono yote, kuanzia viganjani mpaka karibu na viwiko, vidole tu ndivyo vimechomoza. Hakuweza kushika kijiko. Mtori nilimlisha mimi.

Siku ya kwanza alikula vizuri. Siku ya pili akaniomba nimfunge kanga kichwani, ipite chini ya kidevu, akasema jino linamsumbua. Nikamletea maji ya chumvi asukutue. Siku ya tatu alikuwa anafungua mdomo nusu, uji unamwagikia kwenye kanga, na hataki niifungue niibadilishe. Nesi akasema atamwandikia aonwe na daktari wa meno. Dada alikataa kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake, nesi wa watu akaondoka kimya. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Nilidhani maumivu yamemharibu tabia.

Jioni ile, watazamaji wa wagonjwa walipotoka, akanipa ishara nisogee. Nikadhani anataka kupelekwa uani. Akaninong'oneza:

"Mdogo wangu, una wembe?"

Nikamuuliza wa nini. Akaisukuma kanga kwa kidole gumba kilichochomoza kwenye mhogo.

Huyu ni mtu niliyelala naye kitanda kimoja mpaka nina miaka 12, na sikuwa najua. Hazikuwa nywele mbili tatu. Kidevu chote, kuteremka shingoni, na pembeni kuelekea masikioni, zilikuwa nywele nyeusi fupi zilizojikunja, za siku tatu. Katikati yake kulikuwa na vipele, vingine vimekauka vikaacha madoa meusi, kimoja kimeiva usaha. Chini ya taya la kushoto palikuwa na kovu gumu lililoinuka, ukubwa wa punje ya harage.

Akasema, "Kesho baba Neema anakuja saa saba."

Nilitoka getini nikanunua nyembe mbili. Wodi haikuwa na mapazia, kwa hiyo nikatundika kanga moja kwenye chuma cha dripu, nikakaa kitandani nikiwapa wengine mgongo. Maji yalikuwa ya chupa ya chai, nikayamimina kwenye kifuniko chake, nikafikicha sabuni. Mkono ulikuwa unatetemeka. Nilipoanza kutoka chini kwenda juu alishtuka. "Usipandishe," akasema. "Teremsha, zinavyoota." Basi nikateremsha. Sauti yake ilikuwa kama mtu anaparua magamba ya samaki, na nilikuwa na hakika wodi nzima inaisikia. Mama wa kitanda cha pili aligeukia ukutani. Mpaka leo sijui alikuwa analala au alitustahi. Dada alifumba macho mwanzo mpaka mwisho, na nilipomfuta aliuliza kitu kimoja tu, kama kuna zilizobaki. Zilikuwepo mbili kwenye mkunjo wa shingo. Nikarudia.

Kesho yake shemeji alikuja na mkungu wa ndizi na mayai ya kienyeji, akaketi palepale nilipokuwa nimeketi. Alimtazama mkewe kwa muda, akasema, "Naona jino limepoa." Dada akajibu limepoa. Maneno hayo nimeyageuza kichwani miaka yote hii na sijapata upande wake wa pili.

Aliporuhusiwa nilimchukua kwangu Pasua wiki sita, mpaka mhogo ulipotolewa. Kila baada ya siku moja, saa kumi na moja alfajiri watoto hawajaamka, tulikaa jikoni mimi na yeye na wembe. Hapo ndipo alipozungumza. Tangu aolewe 1994, miaka 17, alikuwa anaamka saa kumi akisema anakwenda kukamua. Kipande cha kioo alikichomeka kwenye mabanzi ya banda la ng'ombe, wembe uko kwenye kopo la pumba. Kijiji kizima kilimsifu kwa uchapakazi. Hedhi yake ilikuwa inakuja baada ya miezi mitatu, wakati mwingine minne. Neema alipatikana mwaka wa tano wa ndoa, na baada ya hapo hakupata tena. Aliwahi kujikaza akamuuliza tabibu mmoja kuhusu kidevu, akajibiwa kwamba hizo ni za ukoo, akaondoka. Kwa ajili ya madoa alinunua krimu ya kung'arisha kwa mchuuzi. Miezi miwili uso uling'aa kweli, halafu ngozi ikawa laini kama ganda la kitunguu, na nywele zikaota mashavuni ambako hazikuwepo kabisa.

Yote hayo yana maelezo, na hakuna aliyempa. Wembe haunenepeshi nywele, kwa sababu shina liko ndani ya ngozi na wembe hauligusi. Nywele isiyokatwa ina ncha iliyochongoka, iliyokatwa inatoka na ncha butu, ndiyo maana inakwaruza. Vipele vinatokana na nywele zetu za kipilipili. Ukizikata chini sana zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, kama zinavyowasumbua wanaume kinyozini, na kuzing'oa nako hakuziponyi. Krimu za namna ile mara nyingi huwa na steroidi, ambayo hukondesha ngozi na yenyewe inaweza kuotesha nywele. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu, na bado vinauzwa.

Kubwa zaidi ni hedhi. Kila mwanamke ana kiasi fulani cha homoni tunazoziita za kiume. Zikizidi, au mashina ya nywele yakiwa mepesi kuitikia homoni hizo, nywele nene huota kidevuni, kifuani na tumboni. Chanzo kinachoongoza ni hali ambayo madaktari wanaiita PCOS, hitilafu ya homoni na ovari, inayowapata karibu mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Yai halipevuki kwa wakati wake, hedhi inaruka, mimba inachelewa, na hatari ya kisukari inapanda. Kwa wengine kweli ni za ukoo tu na hedhi iko sawasawa. Lakini huwezi kujua bila kuuliza, na yule tabibu hakuuliza.

Dada aligundulika na kisukari 2016, baada ya kidonda cha mguu kukataa kupona. Daktari wa siku hiyo, kijana mdogo tu, alimtazama kidevu bila kupepesa akamuuliza, "Mama, hedhi yako ilikuwaje ulipokuwa binti?" Dada anasema alilia kabla ya kujibu, kwa sababu lilikuwa swali sahihi na lilikuwa limechelewa miaka 20.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana naona nimetoka nje yake. Alfajiri moja kule jikoni nilimbana dada amwambie shemeji. Alinijibu, "Wewe mumeo huwa unamwita akutazame ukinyoa kwapa?" Nilikasirika. Niliona anajitetea. Leo, nikiwa nimeandika mpaka hapa, sina tena ule uhakika niliokuwa nao nilipoacha kushona. Nikihesabu kilichomuumiza dada, shemeji kutojua hakumo kwenye hesabu. Alimpenda na alimtunza mpaka anafariki, awe alijua au hakujua. Kilichomuumiza ni kwamba alikuwa peke yake na kopo la pumba. Mama alimtisha, tabibu alimfukuza kwa neno moja, na mimi mdogo wake nililala naye kitanda kimoja nisimwone. Kama wakati ule angepata mtu mmoja wa kumwambia, ningetaka awe daktari, halafu mimi. Mume awe wa tatu, akipenda mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu limebadilika: si lazima amwambie. Uso ni wake. Lakini naliwekea masharti. Kama wanatafuta mtoto na hapatikani, amwambie, maana hapo tatizo ni la wote wawili na lawama mara nyingi anabebeshwa yeye. Kama ameandikiwa dawa za kupunguza nguvu ya hizo homoni, pia amwambie, kwa sababu baadhi yake hazitakiwi kabisa mtu akiwa mjamzito, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hauwezi kupanga uzazi na mtu asiyejua unapanga nini. Na kama nywele zimeota ghafla, ndani ya miezi michache, na sauti inakuwa nzito, aache mambo ya mume kwanza aende hospitali wiki hiyohiyo, kwani inaweza kuwa uvimbe.

Kuhusu namna ya kuziondoa nitasema machache. Wembe mpya, maji ya vuguvugu, kuteremsha. Uzi wa saluni, wanaoutumia kutinda nyusi, unafaa kwa nywele chache. Vidonge, daktari akiviandika, visubiriwe miezi sita hivi ndipo mtu aone tofauti, na nywele nene zilizokwisha kuota huwa bado zinahitaji kunyolewa. Leza inapunguza sana, ila kwa ngozi yetu nyeusi aulizie mashine ya mawimbi marefu, ile ya nanomita 1064. Zile za mawimbi mafupi zinakamata weusi wa ngozi pamoja na wa nywele, zinaweza kuunguza. Na sisi wa Moshi hatuna udhuru wa kusema hakuna pa kuuliza, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu 1992, watu wanatoka nchi nyingine kuja kusomea hapo.

Swali lenu limenigusa kwa sababu ya binti yangu. Ana miaka 17. Mwezi uliopita nilikuta wembe kwenye mfuko wa sketi yake ya shule nikiwa nafua, na sikusema kitu siku mbili. Siku ya tatu nikamuuliza hedhi yake inakujaje. Alinitazama kama nimemvua nguo, halafu akasema, "Haijaja tangu Pasaka, mama." Jumapili nikampandisha Uru kwa mama yake mkubwa. Walikaa wawili mlangoni penye mwanga, na kile kioo cha bandani, dada amemshika kidevu kwa vidole viwili. Mimi niliwachemshia maji, nikawaacha.

Kliniki tunakwenda Alhamisi. Ameniomba kitu kimoja, baba yake asijue kwa sasa. Nimemjibu sawa.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi