Mara ya kwanza Guangzhou, nitegemee nini?

SWALI: Anti shikamoo, mwezi wa kumi naenda Guangzhou kwenye maonyesho ya Canton Fair, China sijawahi kufika, nitashangazwa na nini? – Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana! Kwanza pikipiki, kule ni za umeme, inakuja nyuma yako husikii kitu unashtukia tu imekupita hapo kwenye kiwiko, tena kwenye njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo geuka geuka jamani. Halafu hela za karatasi hutozitumia sana, hata muuza mahindi ana kikaratasi cha kuskani kwa simu ulipe, we weka Alipay, app ya kulipia kwa simu, na uiunganishe na kadi yako ya benki ya Visa kabla hujapanda ndege, usisubiri ufike maana WhatsApp na Google, hata Play Store ya kupakulia app, kwa intaneti ya kule hazifunguki, ila ukiwa na roming ya laini ya huku zinafunguka. Metro, yaani treni za mjini, ni safi na rahisi ila kila stesheni begi linapita kwenye mashine, toka mapema. Usiku nenda kauone mnara wa Canton, mita 600, unavyobadilisha rangi mtoni, mi naupenda kweli. Ukikwama na lugha nenda mtaa wa Xiaobei, Waafrika wapo wengi pale, Kiswahili utakisikia.