Kabla ya kununua mashine kubwa, chezea leso kuukuu

Wanaoshona mifarishi, yale matandiko ya tabaka tatu yaliyoshonwa pamoja, huniuliza swali moja kuliko yote: mashine gani itanyoosha mishono yangu? Nawaambia wasitoe pesa kwanza. Tafuta leso iliyochakaa, shuka la mitumba pale soko la Kongowea, Mombasa, na uzi wa rangi inayoonekana wazi, kisha ukae na cherahani uliyo nayo.

Mashine ya mkono mrefu, ile kubwa ya kushonea mifarishi, inavutia, sikatai. Kitambaa hukunjwa kwenye miti ya fremu, mshonaji akashika vishikio na kuitembeza mashine yenyewe juu ya reli, sindano ikaenda anakotaka. Kwa cherahani zetu za mezani ni kinyume: sindano haitoki mahali pake, kitambaa ndicho kinachosukumwa. Lakini fundi wa huku na wa kule wanahitaji mambo yale yale. Jicho litangulie sindano, mkono usiwe na pupa, na ujue mstari unaelekea wapi kabla haujafika. Hayo hayaji na mashine ndani ya boksi.

Leso naipenda kwa mazoezi kwa sababu mchoro umeshawekwa. Weka leso juu, shuka kuukuu au pamba nyembamba katikati, shuka jingine chini, upige bandi au ubane kwa pini kila upana wa kiganja. Halafu fuata kilichochapwa. Pindo litakufunza mistari iliyonyooka na kona. Mji, yaani sehemu ya katikati, utakufunza mviringo, maua na majani. Jina nalo, zile herufi kubwa, litakufunza kusimama na kugeuka bila kuacha fundo. Leso moja ina kazi ya kutosha wiki nzima, na mkono ukiteleza hakuna mteja wa kulalamika.

Tuchukue mchoro wa korosho, maana karibu kila nyumba ya Mombasa ina leso ya korosho. Ukianza kuzunguka nje ukielekea ndani, utanaswa katikati na itabidi ukate uzi. Badala yake, ingia kwa mstari mmoja kutoka kwenye ncha hadi moyoni, kisha zunguka ukitoka nje, kila duara likiacha nafasi kama robo inchi, mpaka urudi kwenye ncha. Hapo uko tayari kuvuka hadi korosho ya pili na uzi haujakatwa. Ukilizoea hili, utaanza kuona njia ya namna hiyo kwenye kila ua na kila jani, na hapo ndipo kazi inapokuwa tamu.

Dada zangu mnaochora hina mna mtaji mkubwa hapa kuliko mnavyodhani. Mkono wenu unajua tayari jani linavyokaa kwenye mti wake na namna ya kujaza nafasi tupu. Tofauti ni kwamba mchora hina huinua mkono kila akimaliza jani, na sindano haiinuki. Basi shika kalamu na daftari, uchore ua lile lile bila kuinua kalamu kabisa, ukirudi juu ya mstari wa zamani panapobidi. Fanya hivyo ukisubiri wali uive. Zoezi hili la karatasi halina gharama, na kwangu lina faida kuliko saa nzima ya kupiga cherahani ovyo.

Kuhusu cherahani yenyewe: teremsha meno yanayosukuma kitambaa, na kama ni ile nyeusi ya miguu ambayo meno yake hayashuki, yafunike kwa kadi ngumu yenye tundu la sindano. Tumia mguu wa kutarizia. Vuta uzi wa chini utokeze juu kabla ya kuanza, la sivyo utakuta kiota cha uzi upande wa pili. Ukiona uzi wa chini unachungulia juu, legeza uzi wa juu kidogo. Uzi wa juu ukining'inia chini, ukaze. Mishono kama 10 kwa inchi inapendeza, lakini usiihesabu kila mara. Sikiliza mlio. Mlio ukienda sawa na mikono ikienda sawa, mishono itajipanga.

Joto letu nalo lina mambo yake. Viganja vikilowa jasho, kitambaa huteleza, kwa hiyo weka taulo karibu au uvae glavu zenye vidoti vya mpira. Sindano zifungie kwenye kopo, maana hewa ya bahari huzitia kutu, na sindano yenye kutu hukwaruza na kukata uzi.

Ukishachoka na leso, jipe vikazi vidogo vya kucheza: kishikio cha sufuria, kitambaa cha kuwekea sahani, foronya ya mto wa sebuleni. Omba makombo ya vitambaa kwa fundi wa mtaani kwako, wengi huyatupa. Andika jina la mtoto kwa mwandiko wa kuunganisha. Jaza kipande kimoja mawimbi, kingine magamba ya samaki, kingine mstari unaozurura bila kujikata. Kila kipande kiandike tarehe kwa kalamu nyuma, uvipange siku moja uone mkono ulikotoka.

Siku ukiamua kushona leso mpya ya Biashara Street iwe mfarishi wa mtoto mchanga, ifue kwanza peke yake. Leso mpya huwa na wanga unaoifanya ngumu, na nyekundu na nyeusi hupenda kutoa rangi. Chagua uzi unaofanana na mji wa leso, si ule wa mazoezi, na uanzie katikati ukielekea kwenye pindo ili kitambaa kisijikusanye.