Bosi ni yuleyule, mama mkwe ndo tofauti

Wiki hii tamthilia za Kichina zimeleta maswali mengi kuliko hata wachumba, kwaiyo nimeamua wachumba wasubiri, wao wamezoea kusubiri.

SWALI: Anti shikamoo. Nina saluni ndogo Tabata Segerea, mimi na wasichana wangu tunaangalia hizi tamthilia fupi za Kichina za kwenye simu, zile za dakika moja moja, simu tunaiegemeza kwenye kopo la mafuta mbele ya kioo huku tunasuka. Kuna moja binti anaolewa harakaharaka na mwanaume anayemuona dereva wa kawaida tu, kumbe jamaa ndo mwenye kampuni anayofanyia kazi huyo binti. Tumefika katikati akaingia mteja wa twende kilioni, akatazama kidogo akasema hii mbona naijua ila yangu ni ya wazungu. Tukabisha. Akatoa simu yake tukaziweka mbili ubavu kwa ubavu, Anti wallahi zinafuatana! Kofi la kwanza sehemu ya pili kotekote, kahawa inamwagika kwenye gauni kotekote, mpaka yule dada wa kambo mwenye roho mbaya anacheka vilevile. Mteja anasema Wachina wameiba kwa wazungu, mimi nasema wazungu ndo wezi. Tumewekeana soda. Nani kaiba, na ipi kali? – Dada wa Saluni, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Soda ni yako ila nusu, manake hapo hakuna mwizi. Hadithi nyingi za aina hii zinaanza kama riwaya za mtandaoni huko China, watu wanasoma sura moja moja kwenye simu kama wewe unavyosoma meseji, ikipendwa inageuzwa tamthilia ya kusimama wima, yaani ya kuangalia simu ikiwa imesimama, na ikifanya vizuri kwao script inatafsiriwa, Lin anakuwa sijui Lily, wanatafutwa waigizaji wazungu Los Angeles inapigwa upya. Mara nyingi ni pesa ya familia moja. ReelShort kwa mfano, programu ya simu ya hizi tamthilia fupi, ilianza 2022, ofisi zake ziko California lakini nyuma yake kuna kampuni ya Beijing ya mambo ya riwaya za mtandaoni. Kwaiyo mteja wako asione ngozi akajua kampuni.

Na zinapigwa chapchap hizo, wiki moja mpaka siku kumi imeisha, zile za Marekani kwa kawaida chini ya dola laki tatu nzima nzima, hela ambayo Hollywood hata sehemu moja ya tamthilia ya kawaida haitoki. Kule China kuna mji wa kupigia filamu unaitwa Hengdian, una majumba ya kifalme ya kuigiza kila upande, sasa neno "heng" maana yake ni mlalo, basi tamthilia za wima zilivyojaa pale watu wakaanza kuutania "Shudian", "shu" ni wima. Yaani mji umesimamishwa na simu zenu.

Haya, ipi kali. Hiyo yenu nimeitafuta nikaiangalia zote mbili usiku mbili mfululizo, macho yamevimba kazini wakadhani nimefiwa. Mimi naenda na ya Kichina na sababu yangu ni bibi.

Si unakumbuka ile ya Kichina kinachoanzisha ndoa ni bibi yake jamaa? Ajuza kaanguka sokoni, watu wanampita, binti anaacha vitu vyake anamnyanyua, anamnywesha maji, bibi anamtazama yule mtoto anavyomfuta vumbi kwenye goti, kwa mkono wa kushoto manake wa kulia umeshika chupa, alafu bibi anatabasamu kama mtu aliyeokota hela. Pale pale anavua bangili yake ya jiwe la kijani anamvalisha. Kesho yake mjukuu anaamriwa kuoa, na ingawa ana kampuni na walinzi na magari manne, kwa bibi hana kauli. Wachina wana neno lao, "shanhun", ndoa ya radi, ila hiyo radi haipigi hewani, inapigwa na mzee wa ukoo. Sisi hatuhitaji maelezo. Nani kati yetu hajui shangazi wa Moshi au bibi wa Tanga ambaye akisema huyu ndo mke, wewe na digrii zako unatafuta suti?

Sasa ile ya wazungu bibi kaondolewa. Wakaweka wosia, babu kafa kaacha karatasi kwamba mjukuu asipooa ndani ya siku thelathini hapati kampuni, anakuja mwanasheria na mkoba, binti anasaini mkataba mezani. Basi. Pale ndo ilinipoteza, manake karatasi haina macho, haikumuona binti akifuta vumbi, kwaiyo kila kinachofuata binti anaonekana kama kaajiriwa. Wakifika kwenye sehemu ya mama mkwe kumdhalilisha ndo vituko kabisa, yule mama wa kizungu anafoka mimi nawaza kwani si wahame tu? Marekani mtu akigombana na mama mkwe si anahamia jimbo lingine. Ya Kichina hamna pa kuhamia, wanakula meza moja, supu inapakuliwa kwa kufuata umri, na binti akinyimwa kijiko umeelewa kila kitu bila mtu kuongea.

Ila sitaki kuwa mbaguzi, ya wazungu inawashinda Wachina kwenye kitu kimoja, binti anajibu. Wa Kichina anapigwa makofi mpaka sehemu ya arobaini ndo kibao kinageuka, wenyewe wanaita "dalian", kupiga uso, yaani yule aliyekudharau anaumbuliwa mbele za watu, na utamu wote umejengwa kwenye kungojea hiyo siku. Yule wa kizungu sehemu ya kumi tu kashamwagia mtu shampeni. Wasichana wako najua walishangilia, ila angalia, baada ya hapo hamna tena cha kungoja, wakaanza kuingiza mafia. Wakikosa mafia wanaleta wanaume mbwa mwitu, hiyo ni hobi ya huko.

Na hata Wachina wenyewe hao mabosi wamewachosha. Novemba 2024 serikali yao, wale wanaosimamia redio na televisheni, walitoa agizo kabisa kuhusu tamthilia fupi za mabosi wababe, kwamba zipunguzwe chumvi, zisitukuze utajiri na kuolewa na matajiri. Sijui kama bosi wenu wa Tabata amepata barua.

Kitu cha mwisho, mkiangalia ile yenye maandishi ya Kiswahili chini msicheke mpaka mkaharibu nywele za mtu. Yale anatafsiri mashine. Bosi mkuu wa kampuni kwa Kichina ni "zongcai", kwa Kiingereza wanamuita prezidenti, ikifika kwetu imekuwa "Rais". Ndo maana sekretari anakimbia kwenye korido anasema "Rais, mke wako amepanda teksi". Mimi mara ya kwanza nilidhani ni ya siasa. Alafu yule kijana mrithi wanayemheshimu nyumba nzima anaandikwa "bwana mdogo", mlinzi mwenye miraba minne anainama mbele yake, "samahani bwana mdogo", hapa Bongo hiyo ni lugha ya kumtuma mtu akakuletee vocha.

SWALI: Anti mambo. Mimi niko hosteli Mabibo, rumeti wangu kaniwekea kwenye flashi A Love So Beautiful ya Korea anasema ndo yenyewe, mwingine anasema nisiguse mpaka nione ya China. Nina mtihani wiki mbili zijazo, muda wa moja tu. – Mwanachuo

JIBU: Poa. Mtihani kwanza, alafu ya China, na sikupi nafasi ya kubisha.

Hiyo ni ya 2017, sehemu 23, wameigiza Shen Yue na Hu Yitian, imetoka kwenye riwaya ya Zhao Qianqian. Binti Chen Xiaoxi anampenda jirani yake Jiang Chen tangu sekondari, yeye kila siku anatangaza, jamaa kimya kama ukuta. Ya Korea ilianza Desemba 2020, sehemu 24, So Joo-yeon na Kim Yo-han, ila hizo sehemu ni za dakika ishirini hivi, kwaiyo namba zisikudanganye, ni kama nusu ya tamthilia. Na penzi la kumngoja mtu asiyeongea ukilikata nusu linabaki nini? Utamu wa ile ya China ni uvivu wake. Darasa limekaa, feni inazunguka, mtu anachora kwenye daftari, hamna kinachotokea, alafu Jiang Chen anafanya kitu kidogo tu kwa ajili ya Xiaoxi bila kusema na wewe umeshangojea saa nzima, unapiga kelele hosteli nzima inaamka. Ya Korea imepigwa vizuri zaidi, rangi safi, sare zimepigwa pasi, hiyo siikatai, na Cha Heon, ndo Jiang Chen wao, ana ubaridi ila unamuona kabisa moyo wake ulipo. Mi nlitaka nisimuone.

Kuna na yule wa tatu, muogeleaji, Wu Bosong kwa Wachina, Woo Dae-seong kwa Wakorea, anayempenda binti na anabaki kuwa rafiki. Kwa ya China nimemlilia. Kwa ya Korea nilimuonea huruma, nikaenda kula.

SWALI: Mume wangu anasema Wachina kazi yao kuiga Wakorea, hawajawahi kubuni kitu. Ananikera. – Mama Junior, Mbezi Mwisho

JIBU: Pole mama. Mwambie Scarlet Heart, ile anayoililia ya IU na Lee Joon-gi ya 2016 (najua analia, wote wanalia), inatoka kwenye tamthilia ya China ya 2011, na hiyo nayo imetoka kwenye riwaya ya Tong Hua. Wakorea waliichukua wakaihamishia kwenye ufalme wao wa Goryeo. Na Mr. Queen ya 2020, mpishi wa kiume anajikuta ndani ya mwili wa malkia, asili yake ni Go Princess Go ya China ya 2015, ilipigwa kwa hela ya mawazo mpaka nguo za kifalme zikawa kituko, watu wakaipenda hivyohivyo, na mapema 2016 ikaondolewa mtandaoni na wakubwa, ikarudi imekatwakatwa.

Ila kwa Scarlet Heart umpe na yeye pointi moja asinune. Mwisho wa Kichina binti, aliyekuwa ametupwa zama za wafalme, anaamka zama hizi, anakutana makumbusho na mwanaume mwenye sura ileile ya mfalme aliyempenda, mtu anapata pa kushikilia. Wakorea wamemuacha binti analia mbele ya picha za kuchora, hakuna anayekuja kwa sura ile ya mfalme. Ukatili mtupu, na mimi huo mwisho ndo nauheshimu.

SWALI: Anti, nimeanza tamthilia bure, kufika sehemu ya kumi wanataka koini. Nimeweka kidogokidogo, kuja kujumlisha elfu kumi na nane na haijaisha! Hivi ile ya zamani ya Doudou TBC si tulikuwa tunaangalia bure? – Bibi Harusi wa Zamani, Mbagala Rangi Tatu

JIBU: Umenichekesha na umenikumbusha mbali. Ile ya Doudou na mama wakwe zake ilikuja TBC 2011, Wachina wanaongea Kiswahili, nyumba yetu Temeke majirani walikuwa wanaleta stuli zao. Mpaka Rais wa China, na hapa namaanisha rais kweli, alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba. Unaona, hata ile kilichotushika ni mama mkwe! Hakukuwa na bosi, hakukuwa na helikopta, ni binti wa Beijing anapambana na ukoo wa mume, na sisi tumekaa kwenye stuli tunampa ushauri.

Baadae StarTimes wakaanza mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili hapahapa Bongo, washindi wakaenda kufanya kazi Beijing, ndo maana zile za kwenye TV zinaongea kama watu na za kwenye simu zinaongea kama kikokotoo.

Kuhusu koini, ndo biashara ilivyo, sehemu za mwanzo bure, alafu wanakata pale mkono ukiwa hewani na kofi halijatua. Ina sehemu sitini mpaka mia, kila moja ina bei yake ndogo, wewe hujumlishi mpaka mwisho. Tafuta kitufe cha kuangalia tangazo ufunguliwe sehemu moja, inachosha ila haikati kitu zaidi ya bando. Na kama ulibonyeza kujiunga kwa wiki, ingia kwenye akaunti ya duka la programu kwenye simu yako uzime, manake kufuta programu peke yake hakuzimi, itaendelea kukukata kila wiki. Najuaje? Usiniulize.

Dada wa Saluni, ukishainywa hiyo soda nitumie meseji bangili ya bibi inarudishwa au hairudishwi. Mimi nimekwama sehemu ya sabini na moja, mkono uko hewani.