Shela hadi Kipungani kwa miguu, na kurudi siku hiyo hiyo

SWALI: Mimi na mwenzangu tunakuja Lamu mwezi wa Januari. Tunataka kutembea ufuo wote kuanzia Shela hadi Kipungani na kurudi siku hiyo hiyo. Tumeonywa tusithubutu siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Je, ni kweli? Na tubebe maji kiasi gani? Msomaji, Voi.

JIBU: Aliyewaonya labda ni mtu wa kuogelea. Kwa mtembeaji mambo ni kinyume, na mimi wageni wangu huwapeleka siku za bamvua hasa.

Ufuo ule una kilomita 12 hivi, basi kwenda na kurudi ni kama 24. Umbali huo si neno. Kinachowamaliza watu ni mchanga. Kutembea kwenye mchanga mkavu unaotitia hula nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye ardhi ngumu. Mnachotaka ni ule ukanda mbichi, mgumu, unaoachwa na maji yakipwa, na hakuna siku unapokuwa mpana kama siku za bamvua.

Saa nazo zinawafaa. Huku kwetu, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa mnamo saa nne au tano asubuhi. Yakiwa maji mafu, yaani siku za kujaa na kupwa kidogo, saa hiyo ya asubuhi ndiyo yamejaa, nanyi mtasukumwa juu kwenye mchanga mkavu chini ya matuta. Kwa hiyo chagueni siku kwa mwezi mwandamo, kisha jioni ya kuamkia safari muulizeni nahodha yeyote pale gatini. Atawapa saa bila kufungua kitabu.

Ondokeni Shela saa kumi na mbili na nusu. Mkienda mwendo wa kawaida mtafika saa tatu na nusu hivi. Saa nne geukeni, hata kama hamjafika mwisho. Maji huanza kujaa taratibu yakawadanganya, kisha katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kujaa hukimbia: karibu nusu ya mjao wote huingia katika saa hizo mbili.

Ufuo una mteremko. Mkienda, bahari iko kushoto, na mguu wa kushoto hukanyaga chini zaidi ya wa kulia. Goti na nyonga huanza kulalamika kabla ya mapafu. Kurudi, zamu ni ya mguu wa kulia. 

Maji: lita nne kwa kila mtu, kwani njiani hakuna duka wala kivuli. Katika lita moja tieni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, mnywe wakati wa kurudi. Januari ni kaskazi, upepo mtaupa mgongo mkienda na kuupokea usoni mkirudi. Hupoza jasho, lakini midomo hupasuka, na jua hulisikii mpaka usiku. Viatu vyepesi vya kufunga, si ndara.

Mkipata malengelenge Kipungani, msijikaze. Tafuteni mashua iwarudishe mjini kwa njia ya mkondo wa ndani, na patana bei kabla ya kupanda.