Mkataba wa nyumba unaisha: niongeze, au akiba iende kwenye kiwanja?

Maswali ya wiki hii yametoka kwa wapangaji walio katika hali inayofanana: mkataba unakaribia kuisha, mwenye nyumba anataka kodi yake kwa mkupuo, na akiba ya kununua au kujenga imefika mahali ambapo kuigusa kunauma.

Ninapanga Tabata, Dar es Salaam, kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anasema nikilipa mwaka mzima bei inabaki ileile, ila nikilipa miezi sita itakuwa 320,000. Akiba yangu ni milioni 9, na kuna kiwanja Chanika kinauzwa milioni 8. Nifanyeje?

Tuanze na hesabu. Mwaka mzima ni shilingi 3,600,000. Miezi sita kwa bei mpya ni 1,920,000, na ukiilipa mara mbili inafika 3,840,000. Tofauti ni shilingi 240,000, nayo ndiyo gharama ya kujipa uhuru wa kuondoka katikati ya mwaka. Swali basi ni kama kweli una pa kwenda katikati ya mwaka, na kwa maelezo yako sioni kama unapo. Ukinunua kiwanja leo utabakiwa na milioni moja, ambayo haitoshi hata kodi ya miezi sita, na kiwanja chenyewe hakitakupunguzia kodi hata senti moja mpaka msingi, kuta na paa viwe vimesimama. Wengi hukosea hapo: wanakihesabu kiwanja kana kwamba ni nyumba, kisha wanakopa ili walipe kodi.

Ningekuwa wewe ningelipa mwaka kwa bei ya zamani, nikabaki na milioni 5.4, na ningeiweka mahali ambapo haifiki mkononi papo hapo kwa kubonyeza simu usiku, kwa mfano kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kabla ya kusaini, omba kiongezwe kifungu kwamba ukiondoka mapema kwa taarifa ya miezi miwili, utarudishiwa kodi iliyobaki au utaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine atakayekubaliwa na mwenye nyumba. Wengine watakataa, lakini kuomba hakuna gharama. Kuhusu kiwanja, muulize muuzaji kama anapokea malipo kwa awamu, kwa kuwa wauzaji wengi wa viwanja vilivyopimwa huruhusu hivyo. Ushauri wangu ungegeuka iwapo ungekuwa na nyumba iliyokwisha kuezekwa. Hapo ningekuambia ulipe miezi sita bila kusita.

Mwenye nyumba wangu hapa Mwanza amepandisha kodi kutoka 250,000 hadi 350,000 kwa mara moja. Sheria inamruhusu?

Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni makubaliano kati yenu. Hawezi kuipandisha katikati ya mkataba ambao haukusema hivyo, lakini mkataba ukiisha anaweza kutaja bei anayoitaka. Kabla hujakubali au kukataa, jumlisha gharama za kuhama: dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja, kisha kuna gari la mizigo na rangi. Wakati mwingine ongezeko la 50,000 baada ya mazungumzo ni nafuu kuliko kuhama.

Mimi ni mtumishi wa umma Dodoma. Kwa nini niendelee kumjengea mtu mwingine kwa kodi yangu wakati benki inatoa mkopo wa nyumba?

Kauli hiyo ya "kumjengea mtu" ni tamu, ila haina hesabu ndani yake. Mkopo wa milioni 50 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15 una rejesho la karibu shilingi 700,000 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa takribani milioni 126. Kama kodi yako ni 300,000, hiyo 400,000 inayozidi, ikiwekwa kando kila mwezi bila kukosa, ni milioni 4.8 kwa mwaka. Jaribu kwanza kuiweka kwa miezi sita ukiwa bado umepanga. Ukishindwa kuiweka, rejesho la benki pia litakushinda, na huko dhamana ni nyumba yenyewe.

Nyumba yetu ya Kivule imeezekwa, lakini haina madirisha wala plasta. Mume wangu anataka tuhamie mkataba ukiisha mwezi ujao. Mimi nasita kwa sababu ya watoto.

Dada yangu, unasita kwa haki, ingawa mume wako naye ana hoja. Mimi nilihamia kwangu madirisha yakiwa ya turubai. Masika ya kwanza tulisogeza vitanda katikati ya chumba, ndoo moja huku na nyingine kule, na fundi wa madirisha, alipoona kwamba hatuna tena pa kurudi, akapandisha bei. Jambo la pili nililojifunza ni kwamba nyumba ukishahamia huwa haimaliziki: ile pesa ya kodi mliyosema itapiga plasta inageuka kuwa chakula na ada.

Kwangu mimi, nyumba ya kuhamia na watoto iwe na choo kinachofanya kazi, maji, milango inayofungwa na madirisha yenye nondo. Plasta, dari na rangi vinaweza kusubiri. Mwombeni mwenye nyumba awaongezee miezi mitatu tu, hata kwa bei ya juu kidogo, na madirisha yawekwe ndani ya muda huo. Pigeni pia hesabu ya nauli za watoto kama shule haibadiliki, kwa maana huenda ikala sehemu kubwa ya kodi mnayotaka kuiokoa.

Mwenye nyumba anataka kuniuzia nyumba ninayopanga, na anasema kodi ya mwaka huu ataikata kwenye bei.

Una faida ambayo mnunuzi mwingine hana, kwani unajua maji ya mvua yanapita wapi na majirani ni watu wa namna gani. Lakini usikubali kodi na bei ziingie katika karatasi moja. Ongeza mkataba wa kupanga kama kawaida, na mauziano yawe na mkataba wake mbele ya wakili, ukieleza kiasi kitakachokatwa. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zake nyumba ni ya nani, au kama ni leseni ya makazi, ithibitishe halmashauri. Ikiwa mwenye nyumba ana mke, ridhaa yake ipatikane kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia. Na ikiwa ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mauzo yakikwama, utakuwa bado mpangaji halali mpaka mwisho wa mwaka uliolipia.